Tangi lililokomaa: maana yake kwa samaki wadogo wa Ziwa Tanganyika

Wafugaji wa samaki wa mapambo husema tangi "limekomaa" pale ambapo ndani yake wameshaongezeka bakteria wa kutosha kumaliza uchafu wa samaki waliomo, siku kwa siku, bila sumu kubaki majini. Neno hili halihusiani na umri wa kioo wala na weupe wa maji. Tangi linaweza kuwa na maji maangavu kiasi cha kusomea gazeti ng'ambo ya pili, na bado likaua samaki wote ndani ya wiki.

Ninaandika haya nikimfikiria samaki mmoja hasa, Neolamprologus multifasciatus, siklidi mdogo wa kusini mwa Ziwa Tanganyika. Siklidi ni ukoo uleule wa sato na perege. Ziwa hilohilo lina kuhe, ambaye hupita sentimita 60 na ni miongoni mwa siklidi wakubwa kabisa duniani, na lina huyu ambaye dume ni nadra kuzidi sentimita 5 na jike ni sentimita 3 hivi. Nyumba yake ni kombe tupu la konokono. Sehemu nyingi za sakafu ya ziwa zimefunikwa na makombe ya konokono aitwaye Neothauma, na samaki hawa huishi humo kijiji kizima, kila mmoja na mlango wake. Kwenye tangi utamwona jike akichota mchanga kwa mdomo na kuutema pembeni, akirudia asubuhi hadi jioni, mpaka kombe lizame na kubaki tundu tu. Ukisogeza mkono kwenye kioo anatumbukia ndani, kisha baada ya muda unaona macho mawili yakichungulia.

Samaki kama hawa huitwa dhaifu, nami naona neno hilo haliwatendei haki. Wana nguvu na ni wakali kupita umbo lao. Tatizo ni kwamba wametoka kwenye ziwa lenye kina cha mita 1,470, ambalo maji yake hayabadiliki ovyo: nyuzi joto 24 hadi 27 na pH (kipimo cha uasidi au ubesi wa maji, ambapo 7 ni katikati) karibu na 9. Mwili wao haujazoea misukosuko. Na hiyo pH ya juu ndiyo inayofanya tangi changa kuwa hatari kwao kuliko kwa samaki wengine wengi.

Tuanze na uchafu wenyewe. Sumu kuu iliyomo ni amonia, na watu hudhani inatokana na kinyesi tu na chakula kilichooza. Kinyesi na mabaki vimo, lakini sehemu kubwa samaki huitoa kwenye matamvua, yale mashavu mekundu anayopumulia. Kwa hiyo hata samaki asiyelishwa leo anaendelea kuongeza amonia majini kila anapopumua. Ziwani hupotea katika maji mengi yasiyo na mwisho. Kwenye tangi la lita 54 haina pa kwenda.

Hapo ndipo bakteria wanapohitajika. Kundi la kwanza, akina Nitrosomonas, huigeuza amonia kuwa nitriti. Nitriti nayo ni sumu: huharibu uwezo wa damu kubeba oksijeni, na damu ya samaki hubadilika rangi kuelekea kahawia. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina makali hayo na huondolewa kwa kubadilisha sehemu ya maji kila wiki. Kwa miaka mingi kazi hiyo ya pili ilihesabiwa kuwa ya Nitrobacter, hadi watafiti waliochunguza matangi ya maji yasiyo ya chumvi walipoonyesha mwaka 1998 kwamba mfanyakazi mwenyewe ni Nitrospira.

Bakteria hawa huongezeka polepole mno. Wale wanaochachisha chakula wanaweza kuwa maradufu kwa nusu saa. Hawa huchukua nusu siku, siku nzima au zaidi. Halafu hawaelei majini. Wanajishika kwenye vitu: sponji ya chujio, punje za mchanga, ukuta wa ndani wa kombe. Ndiyo maana kuomba ndoo ya maji ya zamani kwa jirani hakusaidii kitu, ila kuomba kipande cha sponji yake chafu kunasaidia sana. Ni kama kugandisha maziwa. Ukiweka kijiko cha mtindi wa jana, kesho una mtindi. Maziwa mapya yakiachwa peke yake hujui yatakuwa nini.

Sasa nieleze jambo la pH, maana hapa ndipo watu wanapoumia. Amonia majini ina sura mbili. Moja ina chaji ya umeme na karibu haina madhara. Nyingine haina chaji, inapenya kwenye matamvua na kuunguza. Kinachoamua ipi iwe nyingi ni pH, na joto kidogo. Kwa nyuzi 25, kwenye pH 7 ile kali haifiki hata asilimia 1 ya amonia yote. Kwenye pH 8 ni kama asilimia 5. Kwenye pH 9 inapita theluthi moja.

Niliijua hesabu hii kwa uchungu. Nilinunua samaki sita, muuzaji akaniambia siku mbili za kuzungusha maji zinatosha mradi yameshatulia na kuwa meupe. Nilikuwa nimeweka mchanga wenye makombe yaliyosagwa, na pH ilikuwa 8.6. Siku ya tatu jike mmoja alikuwa amening'inia juu kabisa, mapezi yamebana, mdomo unapwita kwenye uso wa maji. Samaki wa makombe hakai juu. Kwao ni chini, kwenye mchanga. Hadi siku ya tano nilikuwa nimetoa wanne. Kipimo cha matone kilionyesha amonia miligramu 1 kwa lita. Rafiki yangu alikuwa na kiasi hichohicho kwenye tangi la samaki wa dhahabu lenye pH 7, na hakupoteza hata mmoja. Kipimo kimoja, lakini kwangu ile amonia kali ilikuwa zaidi ya mara thelathini ya kwake.

Kukomaza tangi, basi, ni kulilisha kabla ya kuwa na samaki. Washa chujio, weka mchanga wa kina cha sentimita 5 hivi na makombe yaliyochemshwa vizuri, kisha kila siku tia chembe za chakula kana kwamba kuna wa kula. Kamba mkavu mmoja aliyefungwa kwenye kitambaa anafaa pia. Pima kila baada ya siku mbili tatu. Amonia itapanda, halafu itaanza kushuka huku nitriti ikipanda. Baadaye nitriti nayo itaporomoka. Kwa kawaida ni wiki 3 hadi 6, na sponji ya kuomba hupunguza muda huo. Tangi limekomaa pale unapolilisha leo na kesho yake amonia ni 0 na nitriti ni 0, huku nitrati ikionekana. Sifuri ya tangi ambalo halijalishwa haina maana yoyote.

Na kukomaa ni kwa idadi ya samaki uliyonayo. Bakteria waliotosha samaki wanne hawatoshi kumi siku hiyohiyo. Ongeza wachache wachache.

Tangi lililokomaa linaweza kurudi kuwa changa kwa dakika tano. Njia ya haraka ni kuosha sponji chini ya bomba, kwa sababu klorini iliyowekwa kuua vijidudu vya maji ya kunywa haibagui. Kamulia sponji kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa tangini, hadi chujio lipitishe maji tu, usitafute iwe nyeupe. Maji ya bomba unayotaka kuongeza yalaze kwenye ndoo wazi siku nzima, au tumia dawa ya kuondoa klorini. Kama maji yenu yanatiwa kloramini (klorini iliyounganishwa na amonia), kuyalaza hakutoshi, dawa ni lazima.

Maji ya kisima ambayo sabuni haitoi povu kwa urahisi mara nyingi ni mazuri kwa samaki hawa, kwani yana kalisi na magnesi. Yakiwa na ladha ya chumvi, yaache.

Umeme ukikatika, bakteria hao wanahitaji oksijeni kama samaki. Sponji iliyofungiwa ndani ya chujio lililozimika huanza kuharibika baada ya saa chache. Mimi huitoa na kuiacha ielee tangini, kisha kila baada ya muda nachota maji kwa kikombe na kuyamwaga kutoka juu. Kabla ya kuirudisha, inuse. Sponji hai hunuka udongo uliolowa mvua. Ikinuka yai viza, ikamulie kwanza kwenye ndoo ya maji ya tangi na upime amonia jioni ileile. Miezi ya joto hapa Dar es Salaam naongeza feni ndogo juu ya uso wa maji, maana tangi likipita nyuzi 29 oksijeni hupungua na ile amonia kali huongezeka kwa wakati mmoja.

Kuna mtego mwingine siku ya kuwaleta nyumbani. Ndani ya mfuko uliofungwa, hewa wanayotoa hushusha pH, kwa hiyo amonia iliyojikusanya njiani hukaa katika sura isiyo na madhara. Ukifungua mfuko, hewa hiyo inatoka, pH inapanda, na sumu inaamka. Baada ya safari ndefu usikae saa nzima ukidondoshea maji ya tangi kwenye mfuko wazi. Sawazisha joto ukiwa bado umefungwa, fungua, ongeza maji ya tangi haraka kidogo, kisha wahamishe kwa wavu. Maji ya mfuko yamwage nje.

Mara ya pili nilisubiri wiki tano, kisha nikaweka wanne jioni moja taa zikiwa zimezimwa. Asubuhi kila mmoja alikuwa na kombe lake, na mchanga mbele ya mlango wa mmoja ulishachimbwa. Siku niliyohesabu watoto watatu mlangoni pa kombe hilo, kila mmoja mdogo kuliko punje ya mchele, nilipima maji tena: amonia 0, nitriti 0.