Unga wa uji wa shule hauna dawa ya uzazi

Ujumbe ule umerudi tena kwenye makundi ya wazazi hapa Tanga: unga wa msaada unaopikiwa watoto uji shuleni umetiwa dawa ya kufunga uzazi. Si kweli.

Kinachoongezwa ni virutubishi. Chukua mfuko wa sembe iliyorutubishwa, hata huo wa dukani Ngamiani, ugeuze usome maandishi madogo nyuma: madini ya chuma, zinki, vitamini B12, asidi ya foliki. Kanuni za nchi zinazotaka viwanda vikubwa virutubishe unga wa mahindi na wa ngano ni za tangu 2011. Kwa hiyo hata chapati yako ya asubuhi huenda ina virutubishi hivyo hivyo.

Nadhani mkanganyiko umeanzia kwenye hiyo asidi ya foliki. Akina mama wanaijua kliniki, kwenye vidonge vya wajawazito, basi mtu akiiona kwenye unga wa watoto anashtuka. Wala haishangazi. Lakini kazi yake ni kinyume cha uvumi: husaidia mwili kutengeneza damu, na kwa mjamzito humkinga mtoto asizaliwe na mgongo wazi.

Ukitumiwa ujumbe huo, uishie kwako, tafadhali. Una wasiwasi? Nenda shuleni mpishi akiwa jikoni, omba kuuona mfuko wenyewe, au muulize muuguzi wa kliniki. Mtoto aliyetoka nyumbani bila chai, kikombe kile cha saa nne ndicho chakula chake cha kwanza.