Kamba Fupi Haitulizi Mashua

Mvua zinapokaribia, wenye mashua ndogo za tanga hapa Entebbe huniletea ombi lile lile: “Fundi, tuifunge kwa kamba fupi ili isitangetange.” Nimewajibu mmoja mmoja mpaka nimechoka, na kwa kuwa ni mashua zao zinazookotwa ufukweni baada ya dhoruba, naona heri niandike.

Nanga haishiki kwa uzito wake tu. Hushika kwa kuwa ulimi wake umejichimbia topeni, na hubaki humo maadamu inavutwa kwa ulalo. Kamba ikiwa fupi, kila wimbi linaloinua omo, yaani sehemu ya mbele ya mashua, huuinua na mpini wa nanga, hadi ulimi ung’oke. Penye kina cha mita 3, ongeza mita 1 ya kimo cha omo juu ya maji, kisha zidisha kwa 7: unahitaji mita 28 za amari, yaani kamba ya nanga pamoja na mnyororo wake, wala si zile 8 ninazoletewa. Mita 5 au 6 za mwanzo ziwe mnyororo mzito unaolala chini, zilizobaki ziwe kamba ya nailoni, ambayo hunyumbuka na kupunguza mshtuko. Inapopita ukingoni mwa omo, ivishe kipande cha mpira wa bomba, kwani hapo ndipo nyuzi huanza kusimama kama manyoya na kukatika bila mwenyewe kuona.

Hoja ya kwamba amari ndefu itaigongesha mashua kwa jirani haina nguvu, maana zilizofungwa kwa urefu unaolingana huzunguka karibu pamoja upepo unapogeuka. Anayeleta mgongano ni yule aliyefupisha peke yake. Tena kina chenyewe hakitulii: kati ya mwishoni mwa 2019 na Mei 2020 Ziwa Victoria lilipanda kwa zaidi ya mita 1, likafika mita 13.42 katika kipimo cha Jinja.

Wengine huegemeza usalama wao kwenye mafunjo ya ufukweni. Mafunjo hayo hukatika na kuelea. Aprili 2020 kisiwa cha namna hiyo kiliziba mitambo ya bwawa la umeme la Nalubaale, umeme ukakatika Uganda nzima.

Kuhusu dai kwamba maji yasiyo na chumvi hayali chombo: chumvi huzuia kuvu, kwa hiyo mbao huoza upesi zaidi ziwani kuliko baharini, na anodi (vipande vya metali vinavyoliwa badala ya vyuma vya chombo) za zinki zinazofaa Mombasa hazifai hapa. Tumia za magnesiamu.

Mwisho, msiridhike na kukagua asubuhi. Dhoruba nyingi za ziwa hili huumuka usiku hadi alfajiri, na mvua ya milimita 50 humwaga lita 200 katika mashua yenye uwazi wa mita 4 za mraba. Kabla ya jua kuzama, teremsheni tanga, fueni maji ya ngama, yaani yaliyotuama chini ndani ya mashua, fungeni turubai, kisha mkaguseni kamba pale omoni kwa mkono.