Je, Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba?

Matangani Likoni, mjane aketiye mkekani, leso begani na kikombe cha chai kikipoa mbele yake, huambiwa mara nyingi: "Mama, Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba." Wengi huamini kwamba maneno hayo ni aya ya Biblia, na huyasema kwa upendo.

Aya inayokaribiana nayo ni 1 Wakorintho 10:13, isemayo kwamba Mungu hatawaacha mjaribiwe kupita mwezavyo. Neno la Kigiriki lililotafsiriwa "jaribu" laweza kumaanisha mateso au kishawishi cha dhambi. Lakini ukianza kusoma sura hiyo mwanzoni, utaona kwamba inahusu tamaa na sanamu za Waisraeli jangwani, na aya ya 14 inahimiza kuikimbia ibada ya sanamu. Tena aya inasema "ninyi", si "wewe". Kiswahili hapa kinatusaidia kuliko lugha nyingine kadhaa, kwa kuwa kinaonyesha wazi kwamba wanaambiwa wengi, si mtu mmoja.

Kisha fungua 2 Wakorintho 1:8-11. Mtume Paulo, mwandishi yuleyule, anakiri kwamba katika jimbo la Asia yeye na wenzake walilemewa kupita nguvu zao, hata wakakata tamaa ya kuishi. Hajilaumu kwa kukosa imani. Anasema hali ile iliwafundisha kumtegemea Mungu afufuaye wafu badala ya kujitegemea wenyewe, na katika aya ya 11 anataja msaada wa maombi ya wenzake. Nionavyo, mjane asiyeweza kusimama atapata tumaini zaidi katika ukurasa huu, kwa kuwa haumtaki awe na nguvu kwanza.