Mzazi wako yuko nyumba ya wazee: utajuaje kama anatunzwa vizuri?

Uganda humhesabu mtu kuwa mzee akifikisha miaka 60. Wazee wengi wanatunzwa nyumbani na watoto au wajukuu wao, lakini familia zilizotawanyika kwa kazi zimeanza kuuliza habari za nyumba za wazee, zile za mashirika ya dini na zile za kulipia. Haya ndiyo maswali yanayorudi mara nyingi.

Kumpeleka mama nyumba ya wazee si kumtupa?

Hapana. Mzee asiyeweza kugeuka mwenyewe kitandani anahitaji mtu macho usiku kucha, na binti mmoja anayeamka kwenda kazini alfajiri hawezi kufanya hivyo mwaka mzima. Ile nyumba ya Nalukolongo hapa Kampala, aliyoianzisha Kadinali Emmanuel Nsubuga mwaka 1978 na ambayo Papa Fransisko aliitembelea Novemba 2015, ilianzishwa kwa sababu watu wa namna hiyo walikuwepo na hawakuwa na wa kuwashika mkono. Kumtupa mzazi ni kumpeleka kisha usionekane tena.

Nikienda kuikagua nyumba, nianze na nini?

Mgeni huonyeshwa bustani, kanisa au msikiti, na sebule yenye televisheni. Vitazame, kisha omba kwa heshima kumsalimia mzee aliye hoi kuliko wote, asiyeinuka wala kusema, kama yeye au watu wake hawana pingamizi. Mzee mchangamfu atajitetea popote. Atadai chai yake, atalalamika kwa wageni. Huyu asiyesema anapata kile tu ambacho wahudumu wanatoa bila kuombwa, na ubora wa nyumba nzima unausoma kwake.

Daktari Avedis Donabedian aliandika mwaka 1966 kwamba ubora wa huduma hupimwa kwa mambo matatu: vilivyopo, yanayofanyika, na hali anayobaki nayo mgonjwa. Familia nyingi huishia kwenye la kwanza, ndiyo maana vigae vinavyong'aa hutudanganya.

Kwa huyo mzee hoi nitazame nini hasa?

Midomo: imekauka na kupasuka, au ina unyevu? Kucha: zimekatwa? Macho: yamesafishwa? Kuna kikombe cha maji mahali anapofikia, au kimewekwa dirishani kwa mapambo?

Kwa mzazi wako mwenyewe nenda mbali zaidi. Mwombe ruhusa, kisha pamoja na muuguzi mkague visigino, nyonga, viwiko na mfupa wa chini ya mgongo, juu ya makalio. Hapo ndipo vidonda vya kulalia huanzia, kwa sababu mfupa unaibana ngozi dhidi ya godoro na damu haipiti. Vitabu husema utafute wekundu, lakini kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Tafuta sehemu iliyokolea weusi au zambarau kuliko ngozi ya jirani, iliyo ya moto au ya baridi, ngumu au tepetepe, au inayomfanya akunje uso ukiigusa. Kidonda kikigunduliwa hapo bado kinazuilika. Kikishafunguka kinaweza kufika kwenye mfupa na kuingiza sumu kwenye damu.

Kinga yake ni kazi ya mikono: kumgeuza, kwa kawaida kila baada ya saa 2 hivi, kumweka mkavu, kumlisha vizuri, na kuweka mto chini ya miguu ili visigino vining'inie. Kusugua sehemu iliyoanza kuharibika, iwe kwa mafuta au kwa spiriti kama walivyofanya wauguzi wa zamani, kunazidi kuiumiza.

Uliza daftari la kugeuza. Likiwa limejazwa tangu saa 12 jioni hadi alfajiri kwa kalamu moja, mwandiko mmoja na dakika zilezile, yaelekea limejazwa asubuhi.

Chumba kinanuka mkojo. Niikatae nyumba hiyo?

Ukiingia asubuhi na mapema kabla shuka hazijabadilishwa, hilo si ajabu. Kikinuka mchana kutwa, hadi kwenye godoro, hapo kuna kasoro.

Lakini kuna nyumba zisizonuka kwa sababu mbaya zaidi: wazee wananyimwa maji ili wasilowanishe vitanda na kumaliza nepi, ambazo ni ghali. Uzee hupunguza kiu, kwa hiyo mzee hatadai maji. Matokeo yake ni choo kigumu, maambukizi ya njia ya mkojo, kizunguzungu, kuanguka. Kwa hiyo uliza maji na uji vinapitishwa mara ngapi kwa siku, na nani anamshikia kikombe asiyeweza kukishika.

Chakula?

Keti naye wakati wa kula. Posho (ugali) ngumu na nyama kwa mtu asiye na meno ni sahani itakayorudi jikoni imejaa. Anayelishwa anapaswa kuketi wima, kijiko kidogokidogo, na abaki ameketi nusu saa hivi baadaye. Akilishwa amelala, chakula huingia mapafuni. Kisha ulizia uzito wake. Aliyeingia na kilo 60 akipoteza kilo 3 ndani ya mwezi mmoja, au 6 ndani ya miezi 6, apelekwe kwa daktari. Nyumba isiyo na mzani haiwezi kukujibu.

Jajja (bibi yangu) alikuwa msumbufu, sasa ametulia sana. Wanasema amezoea.

Huenda amezoea. Huenda pia anapewa dawa za kumlaza. Uliza kwa jina: ni dawa gani, nani aliyeiandika, tangu lini, kwa ajili gani. Diazepamu huongeza hatari ya kuanguka. Haloperidoli na dawa za jamii yake, zikitumiwa kumtuliza mzee mwenye ugonjwa wa kusahau, huongeza hatari ya kiharusi na kifo. Wakati mwingine zinahitajika kwa muda mfupi na chini ya macho ya daktari, lakini haziwi badala ya mhudumu. Kumfunga mzee kitandani au kwenye kiti kwa kanga ili asizurure sitakutafutia udhuru wake.

Na kama alibadilika ghafla, ndani ya saa au siku chache, akawa anasinzia au anasema maneno yasiyoeleweka, usikubali kuambiwa ni uzee. Malaria, nimonia, maambukizi ya mkojo, sukari kushuka au kukosa maji hufanya hivyo. Apimwe siku hiyohiyo.

Je, maumivu?

Asiyeweza kusema huonyesha kwa kukunja uso, kuguna akigeuzwa, kukataa kula. Mofini ya maji ya kunywa, dawa kali ya maumivu, ipo Uganda, na wauguzi waliosomea tiba shufaa, yaani tiba ya kupunguza mateso ya wagonjwa mahututi, wanaruhusiwa kuiandika. Mzee mwenye saratani katika nchi hii asiachwe na panadoli peke yake. Iulize nyumba inamwita nani maumivu yakizidi.

Wananiambia nipige simu kabla ya kuja. Ni sawa?

Kwa mara ya kwanza, sawa. Baadaye fika bila taarifa, na angalau mara moja baada ya chakula cha jioni. Usiku ndipo zamu hupungua. Uliza ni wahudumu wangapi, kwa wazee wangapi, na kama kuna taa njiani kwenda chooni na vyuma vya kushikilia ukutani.

Na pesa ya serikali ya wazee?

Mpango wa SAGE hutoa shilingi 25,000 kwa mwezi kwa wenye miaka 80 na zaidi. Ni pesa ya mzee hata akiwa ndani ya nyumba hiyo. Ujue nani anaichukua, na inaandikwa wapi.

Nikigundua kasoro nifanyeje?

Zungumza na msimamizi siku hiyo, na uandike tarehe na alichokujibu. Kidonda kipige picha kwa ruhusa ya mzee. Jambo lisiposhughulikiwa, mwone afisa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo au mwakilishi wa baraza la wazee, chombo kilichowekwa na sheria ya mwaka 2013. Kipigo, njaa au kufungwa ni mambo ya polisi. Mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, asikushauri myamalize kimyakimya. Na kabla ya kuondoka kwenda kushtaki, hakikisha mzee wako amelala mahali salama usiku huo, kwa ndugu au kituo cha afya, maana anayebaki mikononi mwa aliyeshtakiwa ni yeye.