Mzoefu wa Msumeno Naye Arudi Darasani

Mufindi wapo mafundi walioanza kushika msumeno wa mnyororo wakati misindano wanayoiangusha leo ilikuwa bado miche. Ukimwambia mmoja wao aende mafunzo ya marejeo, huona amedharauliwa. Namwelewa. Hata hivyo, anayeanza kazi huwa na msimamizi pembeni. Mzoefu huachwa peke yake, na wengi walifundishwa kisikini na kaka au mzee wa kazi, wakarithi ujuzi wake pamoja na makosa yake.

Chukua bawaba, yaani ule ukanda wa mti usiokatwa unaobaki kati ya mkato wa mbele, upande mti unakoangukia, na mkato wa nyuma. Ndiyo inayouongoza mti uangukie ulikokusudiwa. Kanuni ni kwamba unene wake uwe karibu sehemu moja ya kumi ya kipenyo, na mkato wa mbele uingie robo au moja ya tano ya kipenyo. Mti wa sentimita 40 unataka bawaba ya sentimita 4. Fundi mwenye haraka huizoea ya sentimita 2, kisha 1, na kwa kuwa miti iliyosimama wima siku isiyo na upepo humsamehe, huamini amepata mbinu. Siku atakapokutana na mti ulioinama, au upepo ukigeuka, bawaba hiyo itakatika mapema na mti utaangukia unakotaka wenyewe. Kosa la namna hii mwenye nalo halioni. Huonwa na mtu wa pili anayepima kisiki.

Umbali nao husahaulika. Asiyehusika akae mbali angalau mara mbili ya urefu wa mti. Kwa mti wa mita 25, ni mita 50. Watoto wanaokusanya kuni nao wamo katika hao wasiohusika.

Marejeo yafanyike kila baada ya muda gani? Uingereza, mamlaka ya usalama kazini hupendekeza miaka 5 kwa anayetumia msumeno kila siku, na miaka 2 hadi 3 kwa anayeutumia mara mojamoja. Naona ni kipimo kizuri hata kwetu.

Kwa asiye na cheti chochote, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi Tanzania, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: fundi hupimwa kwa kazi anayoifanya, huonyeshwa mapungufu yake, akifaulu hupewa cheti. Tena waajiri wasiwaachie mafundi mzigo huu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inawataka wawape wafanyakazi mafunzo na vifaa vya kujikinga. Mwenye shamba la miti la ekari tano anayemwita fundi wa kijijini kuvuna naye aulize cheti, na aangalie kama kuna kofia ngumu, kinga ya masikio na suruali ya kuzuia mnyororo.

Anayekuja mafunzoni aje na msumeno wake, mnyororo ukiwa kama alivyounoa mwenyewe. Mbele ya kila jino kuna kijino kidogo kinachopima kina cha mkato. Wazoefu wengi hukipiga tupa kupita kiasi ili msumeno ule haraka, na hapo ndipo huanza kunasa na kuruka usoni. Kwa hiyo siku ya kwanza tunaanza na tupa.