Shule ya kutwa ya Kikatoliki: yanayosemwa mtaani na yaliyopo

Msimu wa usaili wa kidato cha kwanza ukianza, magrupu ya wazazi ya WhatsApp hujaa ushauri. Wengi wanaoutoa hawajawahi kukanyaga shule wanayoisema. Nitashika yale yanayorudiwa sana kuhusu shule za sekondari za kutwa za Kikatoliki hapa Tanzania.

“Ikianza na St., ni ya Kanisa”

Hili ndilo linalowapoteza wazazi wengi zaidi. Jina la mtakatifu halina mwenyewe. Shule za St. Mary's zilizovuma Dar es Salaam na mikoani zilianzishwa na marehemu Getrude Rwakatare, mchungaji wa Mlima wa Moto pale Mikocheni B, na hilo ni kanisa la Assemblies of God. St Jude ya Arusha, iliyoanza mwaka 2002, ni shule ya hisani inayoendeshwa kwa michango ya wafadhili. Waanglikana nao wana akina Mtakatifu wao. Kanisa Katoliki lenyewe liko makini kuliko sisi: Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 803, inasema shule isijiite ya Kikatoliki bila idhini ya mamlaka ya Kanisa, hata kama kwa hali halisi ni ya Kikatoliki.

Kinyume chake pia kipo. Kuna shule ambazo babu zetu walizijua kama za misheni na leo ni za serikali. Pugu ilikuwa St. Francis, shule ya Kanisa, na Nyerere alifundisha pale kabla hajaacha ualimu mwaka 1955 akaingia siasa moja kwa moja. Ni serikali yake hiyohiyo iliyotaifisha shule za mashirika ya dini kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969. Seminari zilibaki mikononi mwa Kanisa. Shule nyingi za Kikatoliki unazoziona leo zimejengwa upya baada ya hapo, mlango ulipofunguliwa tena kwa shule binafsi.

Kwa hiyo ukifika pale ofisini, usianze na ada. Uliza mmiliki ni nani: jimbo, parokia, shirika la kitawa, au bwana fulani mwenye kiwanja na mapenzi mema.

“Kikatoliki maana yake bweni”

Sifa ya bweni imejengwa na shule kama Marian ya Bagamoyo na St. Francis ya wasichana Mbeya, ambazo majina yake tuliyasikia kila matokeo yalipotoka. Wengine huchanganya na seminari, ambayo ni kitu kingine kabisa: inalea vijana wanaofikiria upadre. Za kutwa zipo, tena za miaka. Loyola ya Mabibo, Dar es Salaam, ilifunguliwa na Wajesuiti miaka ya 1990, wavulana na wasichana pamoja, asubuhi wanakuja, jioni wanarudi kwao.

“Watambadili mtoto dini”

Kanuni ya 748 ya Kanisa inakataza kumlazimisha mtu kuingia imani ya Kikatoliki kinyume cha dhamiri yake, na Katiba yetu, ibara ya 19, inalinda uhuru wa kuabudu. Watoto wa Kiislamu, wa Kilutheri na wa Kipentekoste wamejaa kwenye madarasa hayo.

Ila tusidanganyane: si mahali pasipo na dini. Mstarini asubuhi wanaanza na ishara ya msalaba, kuna siku za Misa, kuna kipindi cha dini kwenye ratiba. Kinachotofautiana ni asiye Mkatoliki anawekwaje. Kuna shule inayomtaka akae tu kwa heshima, na kuna inayompa kazi nyingine wakati wa Misa. Mzazi Mwislamu aulize mapema kuhusu hijabu na sala ya Ijumaa, na ajibiwe kwa maandishi kwenye fomu ya kujiunga. Kugundua Februari, sare zimeshashonwa na ada ya muhula imeshalipwa, ni ugomvi usio na mshindi.

“Wanafundishwa na mapadre na masista”

Mkuu wa shule huenda ni sista, na mwalimu wa nidhamu huenda ni bruda. Wanaoshika chaki wengi ni walei kama mimi na wewe, waliosomea ualimu vyuo vilevile. Mtaala ni wa Taasisi ya Elimu Tanzania, mitihani ni ya NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Taifa, na wathibiti ubora wa serikali hukagua kama wanavyokagua kwingine.

“Kanisa lina hela, ada ya nini?”

Hapa majirani zetu hutuchanganya. Kenya, shule nyingi zenye majina ya Kikatoliki ni za umma: Kanisa ni mfadhili tu, walimu wanaajiriwa na TSC, tume ya serikali ya kuajiri walimu. Kongo, shule za mkataba za Kikatoliki zimo ndani ya mfumo wa serikali tangu makubaliano ya mwaka 1977. Kwetu, shule ya jimbo au ya shirika ni shule binafsi. Mishahara, umeme, kemikali za maabara, vyote vinatoka kwenye ada. Elimu bila ada iliyoanza Januari 2016 ni ya shule za umma.

“Kutwa ni bweni la bei nafuu”

Bweni linauza saa za jioni: chakula, prepo ya kujisomea usiku, mwalimu wa zamu anayezunguka na tochi. Ukichagua kutwa, saa hizo umezinunua wewe, na utazilipa kwa njia nyingine.

Mtazame mtoto wa Mbagala anayesoma ng'ambo ya jiji. Saa 11 alfajiri yuko kituoni na viatu vyake vyeusi vya kamba. Nauli yake ni ndogo kuliko ya mtu mzima, na hiyo ndiyo balaa yake, maana konda anapiga bodi na kupaza sauti “wanafunzi wawili tu!” huku gari ina nafasi. Akifika amechelewa, anakutana na mwalimu wa zamu getini. Jioni foleni ileile. Anaingia nyumbani saa 1 usiku, na hapo kuna maji ya kuchota, mdogo wa kubebwa, na televisheni ya tamthilia sebuleni anakotakiwa kusomea. Basi la shule linapunguza shida, lakini lina bili yake nje ya ada, kama ulivyo uji na chakula cha mchana.

Nawaona wazazi wanaolipa kwa wakati kisha wanasubiri masista wamlee. Masista wanafunga ofisi jioni. Umbali wa nyumba na shule, na meza yenye taa, mimi naviweka mbele ya jina la shule.

“Wanafaulisha kwa kufukuza vilaza”

Hili si uongo mtupu. Zipo shule, za Kanisa na zisizo za Kanisa, zilizoweka wastani wa kubaki, yaani alama ambayo mtoto asipoifikia haendelei na wenzake, na Wizara ya Elimu imewahi kukataza kumfukuza au kumkaririsha mtoto kwa sababu hiyo. Shindano la kuingia shule kumi bora kitaifa lilichochea mchezo huo, na NECTA iliacha kutangaza shule na wanafunzi bora Januari 2023.

Unaweza kukagua mwenyewe kwa simu yako. Ingia tovuti ya NECTA, fungua matokeo ya kidato cha pili ya shule unayoitaka, hesabu watahiniwa. Kisha fungua ya kidato cha nne, miaka miwili baadaye, kituo hichohicho. Kama walikuwa 120 wakabaki 85, wengine huenda walihama na wazazi, wengine walirudia darasa. Mwombe mkuu wa shule akueleze mmojammoja.