"Wanafunzi wenye mahitaji maalumu": akina nani hao, mwalimu?

Kila BTP, yaani mazoezi ya kufundisha ya wanachuo wetu wa ualimu, ikifika nakagua maandalio yao ya somo, na kuna sentensi moja nimeisoma mpaka naiota: "Mwalimu atawasaidia wanafunzi wenye mahitaji maalumu." Iko kwenye Hisabati, iko kwenye Kiswahili, iko kwenye Sayansi, imenakiliwa kwa kaka zao waliotangulia ambao nao walinakili kwa wengine. Zamani nilikuwa naweka tiki napita. Siku hizi naizungushia duara jekundu afu nauliza kwa upole tu, akina nani hao mwalimu? Nitajie hata mmoja. Hapo ndo kimya.

Siwalaumu sana. Kabla sijawa mkufunzi nimefundisha msingi, darasa la pili lenye watoto 97 nalijua lilivyo. Kiwango kinachotajwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 45, lakini elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016 watoto walimiminika, jambo jema kabisa, ila madarasa, madawati na walimu kasi yake haikuwa hiyo. Sa ukimwambia kijana ndo kwanza anashika chaki amshughulikie kila mtoto kivyake, anakuitikia "sawa mkufunzi" huku moyoni anakucheka.

Ninachowaambia ni kidogo zaidi ya hicho: kabla hujamsaidia mtoto, jua amekwama wapi. Wengi wanaanza na msaada, wanampa maswali mepesi, wanamweka kundi la "wazito", basi, na mtoto hakawii kujua lile kundi maana yake nini hata mkiliita Simba au Twiga.

Nikupe mfano. Mwaka mmoja nilikaa nyuma ya darasa namwangalia mwalimu mwanafunzi anafundisha, pembeni yangu kuna kijana anaandika haraka kweli, nadhifu, ila nikagundua hatazami ubaoni hata mara moja, ananakili kwa jirani, na jirani akikosea naye anakosea vilevile. Mwalimu alishaniambia huyo mvivu, anaibia. Baada ya kipindi nikaandika maneno matatu ubaoni nikamwambia soma, kimya. Nikamsogeza hatua tatu mbele ya ubao, akayasoma yote bila kukwama. Macho! Hakuna hela iliyotumika, hakuna semina, ni chaki na hatua za miguu tu. Akahamishiwa mbele siku ileile, mwalimu mkuu akamwita mzazi ampeleke kliniki ya macho.

Na hapo niseme kitu, mwalimu sio daktari. Siku hizi mtu akisoma meseji mbili za WhatsApp anarudi darasani anagawa magonjwa, huyu ana usonji, yule akili haijakaa sawa. Andika ulichoona kwa macho yako: "hasomi ubaoni akiwa nyuma", "haitiki akiitwa kwa mgongo", "anasahau herufi alizozijua jana". Jina la tatizo waachie wenye kazi yao.

Sasa upimaji, hapa ndo penye utamu na ndo tunapowaonea watoto sana. Kulikuwa na binti, nyumbani kwao ni Kisukuma mwanzo mwisho, Kiswahili anakikuta shuleni. Swali: Juma ana maembe 9, amempa Asha 4, amebakiwa na mangapi? Binti kajibu 13. Mwalimu kachora kosa kubwa jekundu, hajui kutoa. Nikachukua vizibo 9 vya soda, nikamwekea mezani, nikaondoa 4 nikazificha, akanionyesha vidole 5 kabla sijauliza. Kutoa anajua bana. Asichokijua ni neno "amebakiwa". Pale tulipima Kiswahili tukaandika alama kwenye Hisabati.

Kwa hiyo kanuni yangu, na hii naomba uishike kuliko yote: angalia umahiri unaoupima ni upi, afu ondoa vizuizi vingine vyote ila usiuguse huo umahiri wenyewe. Kama unapima kutoa, msomee swali, mtafsirie hata kupitia mwenzake, mpe vizibo, hujamwonea huruma, umempima unachotaka kupima. Lakini kama unapima kusoma, ukimsomea hujapima kitu. Baraza la Mitihani nalo linatoa maandishi makubwa kwa wenye uoni hafifu, nukta nundu kwa wasioona, na muda wa nyongeza, na hakuna anayesema wamerahisishiwa mtihani. Kinachobadilika ni njia ya kuufikia, umahiri ni uleule.

Kwenye darasa la watu 97 utapimaje? Kwanza acha "mmeelewaaa?" maana jibu linajulikana, "ndiyooo mwalimu", linatoka kwa 10 wa mbele wengine wanafuata mdundo. Mi nawafundisha vidole kifuani: uliza swali, hesabu mpaka tatu, kila mtoto anaonyesha jibu kwa vidole akiwa ameviegemeza kifuani ili jirani asione. Ndani ya sekunde 10 umeshaona nani yuko wapi. Kila siku chagua watoto 5 tu wa kuwafuatilia kwa karibu, andika mstari mmoja mmoja kwenye daftari dogo. Katika wiki 4 za shule umewazungukia wote. Na makundi yavunje kila ukibadilisha mada, maana aliyekwama kusoma anaweza kuwa moto kwenye maumbo.

Nidhamu sitaiongelea sana. Asilimia kubwa ya "watukutu" ninaowaona ni aliyemaliza kazi mapema hana la kufanya, au ambaye hajaelewa hata aanzie wapi, na fimbo haimtibu hata mmoja kati yao. Isitoshe kanuni zinasema viboko visizidi 4 na mchapaji ni mkuu wa shule au aliyempa ruhusa kwa maandishi, sio wewe wa BTP na fimbo yako ya mwarobaini.

Muhula uliopita mmoja wa wanachuo wangu alinitumia picha ya andalio lake saa nne usiku. Pale kwenye ile sentensi yetu hakuandika "mwalimu atawasaidia". Kaandika majina matatu. Wa kwanza, kukaa mbele upande wa kushoto. Wa pili, kusomewa maswali ya mafumbo. Wa tatu mbele yake kaandika tu: "bado sijajua, wiki hii nitamwangalia." Nikampa alama zote za kipengele.